Punje 150 Kabla ya Kununua Koini

Kijana wa Mzenga, wilayani Kisarawe, anayecheza eFootball kwenye simu hahitaji kompyuta wala bando ili ajue boksi la bahati litamfanyia nini. Kopo na punje 150 za mahindi zinamtosha, mradi tatu kati yake azipake wino. Boksi la wachezaji wa Epic katika mchezo huo wa Konami limezoeleka kupangwa hivyo: wachezaji 150, watatu ndio wanaotafutwa, na aliyekwisha kutoka harudi ndani. Afumbe macho, achanganye, atoe punje kumi, yaani spini zinazouzwa kwa koini 900, kisha aandike alichopata. Azirudishe zote na kuanza upya, mara ishirini au thelathini. Asitumie maharage mahali pa punje za wino, maana vidole vitayatambua na jaribio litakuwa limeharibika. Kwa hesabu, raundi nne hivi katika kila tano zitaisha bila punje hata moja ya wino. Akiwa anamtaka mchezaji mmoja maalumu kati ya wale watatu, nafasi yake ni moja kati ya 15.

Jaribio la namna hii lina faida pale tu linapofuata kanuni za boksi lenyewe na kuhesabu kinachopotea. Kosa dogo la kanuni hubadili jibu. Ukirudisha kila punje koponi kabla ya kutoa nyingine, baada ya spini 100 watu 13 hivi kati ya 100 watakuwa hawajapata kitu. Usiporudisha, watabaki wanne. Kwenye mchezo wa Counter-Strike, kwa upande mwingine, kila kasha la bahati huanza upya. Viwango vilivyotangazwa China mwaka 2017, baada ya serikali ya huko kuzilazimisha kampuni kuvitaja, vinampa mchezaji asilimia 0.26 ya kupata kisu au glavu. Wengi huigawa 100 kwa 0.26, wakapata makasha 385, wakaamini kwamba wakifika hapo kisu ni chao. Sivyo. Kati ya watu 100 watakaofungua makasha 385 kila mmoja, 37 hivi watatoka bila kisu wala glavu, na kwa kuwa ufunguo wa kufungulia kasha moja ni dola 2.49, kila mmoja atakuwa ametumia zaidi ya dola 950. Ndiyo maana jaribio la mtu mmoja, mara moja, halifundishi kitu: bahati inaweza kumwangukia na kumdanganya. Rudia mara nyingi, na mbele ya kila raundi andika shilingi ambazo zingekuwa zimeondoka kwenye M-Pesa.

Pingamizi zito ni kwamba viwango vyenyewe huenda si vya kweli. Lina ushahidi. Januari 2024 Tume ya Ushindani ya Korea Kusini iliitoza Nexon faini ya won bilioni 11.6, kwa kuwa katika MapleStory ilishusha nafasi za kupata vitu vinavyotafutwa bila kuwaambia wachezaji, na baadhi ikazifanya sifuri. Hakuna jaribio la nyumbani ambalo lingeligundua hilo. Lakini viwango vya uongo huegemea upande wa muuzaji, kwa hiyo kama jaribio linakukatisha tamaa kwa viwango vilivyotangazwa, hali halisi haiwezi kuwa nafuu kwako. Pingamizi la pili ni kwamba kufungua maboksi ya bure huamsha hamu ya yale ya kulipia. Hili nalikubali, hasa kwa programu za kuigiza maboksi zenye taa, milio na shangwe, zinazoonyesha ushindi na kunyamaza kuhusu gharama. Uingereza inaitaka michezo ya kamari ya majaribio ifuate kanuni zile zile za mchezo wa pesa na ionyeshe nafasi halisi ya kushinda. Sharti hilo linafaa maboksi haya pia. Punje za mahindi hazina mlio wala shangwe, na kwa kazi hii hiyo ni sifa njema.

Kwa hiyo, kabla hujanunua koini, andika kwenye karatasi kiasi ambacho uko tayari kukipoteza chote, kisha endesha jaribio kwa kiasi hicho hicho. Raundi nyingi zikiisha mikono mitupu, pesa hiyo ibaki kwenye simu.