Juu ya Kitabu cha Joseph Salter na Jina la Baharia Mgeni

Kitabu cha Joseph Salter, mhubiri wa London City Mission, kilipigwa chapa mwaka 1873. Jina lake, tukilifasiri, ni "Mwasia Katika Uingereza", nacho chaeleza kazi yake ya miaka 16 kati ya watu wa Mashariki, wengi wao mabaharia. Makao ya kazi hiyo yalikuwa nyumba iliyofunguliwa Limehouse, London, mwaka 1857, iliyoitwa Nyumba ya Wageni, ya Waasia, Waafrika na watu wa Visiwa vya Bahari ya Kusini. Hapo baharia aliyekosa chombo alipata malazi, akatafutiwa njia ya kurudi kwao. Ilifungwa mwaka 1937.

Twamsifu Salter kwa jambo moja kubwa: alijifunza Kihindustani, akawaendea watu katika vyumba vyao vibovu, asingoje waje mlangoni pake. Mwalimu asiyejua lugha ya mgeni wake humwona, asimsikie.

Lakini tuna neno juu ya jina la kitabu. Katika jina la nyumba Mwafrika ametajwa. Katika jina la kitabu ametoweka. Wala kosa hili si la Salter peke yake, nasi wa Pemba twalijua kwa karibu. Baada ya mwaka 1874 mashua za manowari London zilizunguka kisiwa chetu kuyawinda majahazi ya watumwa. Kapteni Brownrigg aliuawa katika kazi hiyo mwaka 1881, na jina lake limehifadhiwa. Mabaharia Waafrika wa manowari za Kiingereza katika bahari hii waliitwa wote Sidi, na wengine waliandikwa kwa majina ya mzaha. Neno Sidi asili yake ni Kiarabu, maana yake "bwana wangu"; neno la heshima likawa daftarini jina la kufutia majina.

Wazee wetu husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba ya Limehouse ilidhani mwenyeji ndiye amponyaye mgeni. Methali yasema kinyume chake. Salter mwenyewe ni shahidi, kwani lugha iliyomfungulia milango ilikuwa mali ya wageni wake.

Basi yafaa kila mwalimu ampokeaye baharia, Weti au Mkoani, kabla ya kumpa chakula au kitabu, amwulize jina lake na la baba yake, aliandike kama alivyolisikia. Hapo ndipo ukaribisho huanzia.