Neno "Kutarajia" katika Somo la Uwezekano

Katika hesabu za uwezekano ziko istilahi mbili ambazo mwanafunzi asipozitenganisha hupotea njia. Ya kwanza ni "matokeo yanayotarajiwa". Ya pili ni uwiano wa matokeo, yaani mara tukio lilipotokea zikigawanywa kwa idadi ya majaribio. Hii ya pili haina matata, kwani huhesabu yaliyokwisha kutukia. Kasoro imo katika ile ya kwanza.

Katika Kiswahili cha kila siku, atarajiaye jambo hulitazamia, na lisipofika huona kuna kosa. Hesabu haina maana hiyo. Dadu ikitupwa mara 60, nambari sita "yatarajiwa" mara 10. Walakini uwezekano wa kupata 10 kamili haufiki 14 kwa 100. Wastani wa dadu hiyo ni 3.5, na hakuna uso wake wenye 3.5. Basi kinachoitwa tarajio ni jambo ambalo mwenye busara hangelitarajia.

John Kerrich, mwanahesabu aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirusha sarafu mara 10,000. Katika mara 100 za kwanza kichwa kilitokea mara 44, pungufu ya 50 kwa 6. Mwishowe kilitokea mara 5,067, zaidi ya 5,000 kwa 67. Tofauti imekua, ilhali uwiano umesogea kutoka 0.44 hadi 0.5067. Mwalimu asemaye kwamba "mwishowe idadi zitalingana" anapotosha. Kinachokaribia nusu ni uwiano, si idadi.

Dawa imo katika sarufi yenyewe. "Sita itatokea mara 10" ni ahadi, na kiambishi -ta- ndicho kiifanyacho ahadi. "Sita hutokea, kwa wastani, mara 10 katika kila mitupo 60" ni habari ya mazoea, kwani hu- haifungi tukio lolote moja. Lakini hu- pekee yaweza kudhaniwa kuwa ni "daima". Kwa hiyo maneno "kwa wastani" yasiachwe, na "wastani wa matokeo" yafaa kushika mahali pa tarajio.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi aliyepata 7, akafuta na kuandika 10 ili apatane na kitabu, hakushindwa hesabu. Alitii neno, akaacha ushahidi wa mkono wake mwenyewe.