Saa Thelathini Zilizofutwa

Uamuzi uliotangazwa nchini Marekani tarehe 8 Desemba 2016, wa kuondoa idadi ya chini ya saa ambazo mwanafunzi wa udereva wa malori angepaswa kuzitumia kwenye usukani kabla ya kutahiniwa, ni kosa la kiufundi ambalo halikurekebishwa na chochote kilichofuata, na yeyote anayepima ubora wa mafunzo yanayotolewa na kampuni za usafirishaji za nchi hiyo hana budi kuanzia hapo. Waliofuatilia suala hilo wanakumbuka mwendo wake: Bunge liliagiza kanuni iandikwe mwaka 2012, kamati ya wadau ikakaa mwaka 2015, rasimu ikachapishwa Machi 2016, na utekelezaji, baada ya kuahirishwa, ukaanza tarehe 7 Februari 2022. Katika mwendo huo wote, jambo moja tu lililokuwa na uzito wa kweli barabarani ndilo lililokatwa.

Rasimu ya Machi ilitaka kila anayeomba leseni ya daraja A, yaani leseni ya kuendesha kichwa kinachovuta tela zito, afundishwe kwa vitendo kwa muda usiopungua saa 30. Kati ya hizo, saa 10 zilikuwa za uwanjani, mahali palipofungwa ambapo magari mengine hayapiti. Nyingine 10 zilikuwa za barabara ya umma, au badala yake safari 10 zisizopungua dakika 50 kila moja. Na zilizobaki mkufunzi aliachiwa azigawe kadiri alivyoona inafaa. Mapendekezo hayo hayakuokotwa njiani, kwa kuwa yalitoka katika kamati iliyowakalisha meza moja wenye kampuni, vyama vya madereva, wenye shule na watetezi wa usalama, watu ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya rangi ya koni. Wakala wa serikali kuu unaosimamia usalama wa magari ya biashara uliyapokea, ukayachapisha, kisha miezi tisa baadaye ukayaondoa kwa maelezo kwamba haukupata takwimu za kutosha zinazounganisha idadi fulani ya saa na kupungua kwa ajali. Mahali pa saa pakawekwa umahiri, yaani mwanafunzi anahesabiwa kuwa amehitimu pale mkufunzi anaporidhika kwamba ameweza kila zoezi lililoandikwa.

Hoja hiyo ina sura ya kisayansi, lakini haisimami. Takwimu za kulinganisha saa na ajali zisingeweza kupatikana kwa wingi katika nchi ambayo haijawahi kuwa na kiwango cha saa cha nchi nzima, kwa hiyo kukosekana kwa kiwango kulifanywa sababu ya kutoweka kiwango. Isitoshe, kanuni hiyohiyo inamtaka mwanafunzi apate alama zisizopungua asilimia 80 katika mtihani wa nadharia, na ikiwa saa 30 zilistahili kukataliwa kwa kukosa takwimu, asilimia 80 nayo ilipaswa kuulizwa swali lilelile. Kilichoonekana kigumu kuthibitisha ni kile kinachogharimu mafuta, matairi na mshahara wa mkufunzi; kinachopimwa kwa karatasi kilipita bila shida.

Wala saa 30 hazikuwa nyingi. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 ndani ya zamu ya saa 14, jambo ambalo maana yake ni kwamba kiwango kilichokataliwa kwa kuonekana kizito hakifikii hata siku tatu kamili za kazi ya dereva mmoja. Uwanjani hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu mtaala unataja mazoezi matano ya kurudi nyuma, ambayo ni kurudi mstari mnyoofu, kuingia gatini kwa pembe, kuhamia mstari wa pembeni, kuegesha sambamba upande anaouona dereva na kuegesha sambamba upande asiouona, na juu ya hayo kuna kuunganisha na kuachanisha tela. Saa 10 zikigawanywa kwa mazoezi hayo sita, kila moja hupata saa moja na dakika 40. Anayejua kurudisha nyuma tela la futi 53, yaani zaidi ya mita 16, anajua jinsi muda huo unavyoisha upesi, kwa kuwa usukani ukikatwa kushoto tela huelekea kulia, kosa dogo la mwanzo hukua kwa kila mita, na dereva anayechelewa kulifuata tela lake huona kichwa na tela vikikunjana kama kisu cha mfukoni. Ujuzi huo haukai kichwani, hukaa mikononi na machoni, na huingia kwa kurudiwa. Mkufunzi aliyemwona mwanafunzi akiingia gatini mara moja mchana, uwanjani, bila lori jingine kushoto wala kulia, amethibitisha kwamba mwanafunzi huyo aliweza mara moja.

Barabarani hali ni ileile. Mwongozo wa leseni za biashara wa Marekani unakadiria kwamba kwa mwendo wa maili 55 kwa saa, takriban kilomita 88, lori huhitaji futi 419, karibu mita 128, kuanzia dereva anapoiona hatari hadi magurudumu yanaposimama kwenye lami kavu. Kuikariri namba hiyo ni kazi ya dakika moja. Kuizoea kwenye mguu, uzito wa tani 36 ukisukuma kutoka nyuma, ni kazi ya siku nyingi, na kanuni inaagiza hatari za barafu, milima na kuteleza zifundishwe bila kulazimisha kwamba mwanafunzi akutane nazo.

Kwa haki, daftari la kitaifa la watoa mafunzo na sharti la kwamba mkufunzi awe na uzoefu wa miaka miwili, vyote vilivyoletwa na kanuni hiyo, ni kazi nzuri.

Lakini uzembe wa kukwepa saa za usukani una historia ndefu kuliko mwaka 2016. Mwaka 1985 serikali hiyohiyo ilichapisha mtaala wa mfano wa madereva wa matela wenye saa 320, ulioandikwa na watu walioelewa kwamba lori hufundishwa kwa kuendeshwa, na ambao mpaka leo haujapata mrithi anayeufikia. Badala ya kujenga juu yake, kanuni ya mwaka 2004 ilitosheka na mada nne, yaani sifa za dereva, saa za kazi, afya yake na ulinzi wa anayefichua maovu, ambazo zote zingeweza kumalizwa kwenye kiti cha darasani bila lori kuwashwa. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Washington iliirudisha kanuni hiyo kwa wakala, kwa kuwa utafiti wa serikali yenyewe ulikuwa umeonyesha haja ya mafunzo ya vitendo. Wakala uliosahihishwa na mahakama namna hiyo haukupaswa kuteleza tena mahali palepale miaka 11 baadaye.

Pengo lililoachwa limezibwa na kampuni, na limezibwa kwa mzigo. Kampuni nyingi kubwa humlipia mwanafunzi shule ya majuma machache kwa mkataba wa kuzitumikia karibu mwaka mmoja, kisha humpandisha kwenye lori la mkufunzi kwa majuma kadhaa ya safari halisi. Kanuni ya mafunzo ya awali huishia pale leseni inapotolewa, na kwa hiyo sharti la miaka miwili halimgusi mkufunzi huyu wa pili. Wawili hao huendeshwa kama timu, yaani mmoja hushika usukani huku mwingine amelala kwenye kitanda cha nyuma, lori lisisimame, na mwanafunzi hujikuta peke yake usiku wa manane katika saa zilezile ambazo jicho la mkufunzi linahitajika zaidi. Tangu mwaka 2015 wakala umekuwa ukizipa baadhi ya kampuni ruhusa maalumu, kiasi kwamba hata aliyefaulu mtihani lakini hajapewa leseni yenyewe huweza kuendesha bila mwenye leseni kukaa kiti cha mbele. Mkufunzi aliyelala ni mzigo mwingine uliopakiwa, na saa zinazopatikana hivyo haziwezi kuitwa mafunzo.

Miongoni mwa wanaopita katika mkondo huu wamo wahamiaji kutoka Kenya, Kongo na Burundi, ambao baadhi yao wametoka katika mfumo wa utingo, yaani msaidizi wa dereva anayejifunza kazi kwa kuifanya. Mfano wa mfumo huo ni njia ya Zambia: tangu Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia ikalazimika kupitishia mafuta na shaba yake Dar es Salaam hata kabla bomba la mafuta la TAZAMA halijaanza kazi mwaka 1968, barabara ya vumbi na matope iliyopewa jina la njia ya jehanamu ilizaa madereva ambao hawana wa kulinganishwa nao. Utingo wa wakati ule alifunga turubai na kamba, alibadili matairi, alikimbia na kigingi kuzuia gurudumu mlimani, na alimsikiliza dereva akishuka mlima wa Kitonga kwa gia ileile ambayo angeipandia, ili injini ishike uzito na breki zisichemke. Alipopewa usukani, alikuwa ameisikia njia yote kwa masikio yake. Hakuwa na cheti, na mara nyingi alilipwa kidogo mno, lakini aliyemfundisha alikuwa macho.

Kuhusu saa zenyewe, Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2003, ulichagua kuhesabu: saa 280 za mafunzo ya awali, zikiwemo zisizopungua 20 za mwanafunzi mmoja kwenye usukani, au nusu ya viwango hivyo kwa njia ya mkato. Marekani nayo inahesabu, na hapa ndipo uamuzi wa 2016 unapokosa hata utetezi wa urahisi, kwa kuwa kanuni iliyobaki inamlazimisha mtoa mafunzo kuandika jumla ya saa za usukani za kila mwanafunzi na kuziwasilisha katika daftari la kitaifa. Namba inaandikwa, inapokelewa na kuhifadhiwa, na iwe 30 au iwe 9, mwenye namba hiyo anakwenda kwenye mtihani uleule.