Marathoni Hairithiwi

Swali la kwa nini Garissa haitoi wakimbiaji wa marathoni huwa na jibu lililo tayari. Marathoni, tunaambiwa, ni ya watu wa juu: waliozaliwa Iten au Kapsabet, mita elfu mbili hivi au zaidi kutoka usawa wa bahari, wakaenda shule mbio na kurudi mbio, mapafu yao yakazoea hewa nyepesi tangu utotoni. Bura, katika eneo la Fafi huko Garissa, iko chini, kando ya mto Tana, na jua lake huanza kuchoma kabla ya saa tatu asubuhi. Basi mjadala unafungwa hapo. Lakini katika wakimbiaji wakubwa wa marathoni wa miaka ishirini iliyopita wamo watatu waliozaliwa Somalia, wenye majina ambayo mwalimu yeyote wa Bura huyaita akisoma rejista: Abdi Abdirahman, Abdi Nageeye na Bashir Abdi. Mmoja alikwenda Olimpiki kwa jezi ya Marekani, mwingine ya Uholanzi, wa tatu ya Ubelgiji. Hakuna aliyetoka Bonde la Ufa. Kwa hiyo anayetaka kujua marathoni imetengenezwa na nini hana mfano bora kuliko mhamiaji, maana huyu alifika ugenini bila milima ya babu wala jina la ukoo wa mabingwa. Alichopata, alikipata kwa kufundishwa. Ninasema marathoni ni ufundi, tena ufundi wa kujivunia kama ufundi mwingine wowote wa mikono.

Nianze na Abdirahman, kwa kuwa safari yake ndiyo ndefu zaidi. Familia yake ilikimbia vita Somalia, ikapitia Kenya kama wakimbizi, ikatua Tucson, Arizona, mji wa jangwa ambao kwa joto na miiba yake usingemshangaza mtu wa Fafi. Alimaliza shule ya upili bila kushindana riadha. Mbio alizianza alipoingia Chuo cha Jamii cha Pima, umri ambao wengi wangemwambia amechelewa, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Arizona. Mwaka 2000 akapata uraia wa Marekani, na mwaka huohuo akawa Sydney kwenye mita 10,000. Akarudi Olimpiki za 2004 na 2008 kwa umbali uleule, huku akijifunza marathoni pembeni. Chicago, mwaka 2006, aliandikisha saa 2:08:56. London 2012 aliingia kama mkimbiaji wa marathoni na hakumaliza. Mwaka 2016 jeraha lilimnyima hata nafasi ya kushiriki mchujo wa Olimpiki, lakini Novemba ya mwaka huohuo akawa wa tatu New York, akikaribia miaka 40. Aliyetegemea kipaji peke yake angekuwa ameshatundika viatu.

Kisha ikaja Atlanta, tarehe 29 Februari 2020. Ulikuwa mchujo wa Olimpiki wa Marekani, njia yenye vilima na upepo, nafasi tatu tu. Abdirahman alikuwa na miaka 43. Mshindani wake Galen Rupp alipochomoka, yeye hakumfuata, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Mwili una akiba ya wanga ambayo, kwa kasi ya marathoni, huelekea kwisha baada ya kilomita 30 hivi. Kila mshtuko wa kasi usio wa lazima unaikomba akiba hiyo, na chupa za vinywaji mezani, kila baada ya kilomita chache, hurudisha sehemu ndogo tu. Mfugaji anayepeleka ngamia kwenye kisima cha mbali anaijua hesabu hii: hawakimbizi asubuhi kwa sababu jirani amekimbiza wake. Abdirahman alimwacha Rupp aende na kulinda nafasi mbili zilizosalia. Mwishoni walikuwa watu watatu wakigombania nafasi hizo. Jacob Riley alimaliza kwa saa 2:10:02, Abdirahman 2:10:03, Leonard Korir 2:10:06. Korir ni mhamiaji pia, mzaliwa wa nyanda za juu za Kenya, mdogo wa Abdirahman kwa takriban miaka kumi. Ingekuwa ni suala la milima na ujana, sekunde hizo tatu zingeangukia upande mwingine. Abdirahman alipata Olimpiki yake ya tano, akiwa mkimbiaji mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuingia timu ya Olimpiki ya Marekani.

Kuna watakaosema nimesahau jambo moja: dhiki. Watu hawa walikimbia vita, kwa hiyo wana moyo mgumu ambao mtoto wa starehe hana. Hoja hii inapendwa sana na waandishi wa magazeti ya Ulaya, nami naiona ni tusi lililovikwa kilemba. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, na mojawapo, Hagadera, iko Fafi, eneo lilelile la Bura. Dhiki haijawahi kukosekana huko. Kama ingekuwa inazaa mabingwa, Hagadera ingekuwa imejaza medali za marathoni kwenye makabati kwa zaidi ya miaka thelathini, na haina hata moja. Mkimbiaji wa daraja la juu hukimbia kilomita 160 hadi 200 kwa wiki, hula ili arudishe alichochoma, hulala mchana, ana kocha anayesoma saa na mtu wa kumkanda misuli. Anayeishi kwa mgao wa chakula hawezi hayo. Na anayehitaji kibali ili atoke kambini hawezi kuamka alfajiri ya Jumapili akakimbia kilomita 30 kwenye barabara ya wazi. Tofauti ya Tucson na Hagadera ni kwamba Tucson kulikuwa na chuo, kiwanja cha riadha, na njia isiyo na kizuizi. Uchungu wa vita ulikuwepo pande zote mbili.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Hata wahamiaji hawa, utasikia, hupanda milimani: Abdirahman alifanya mazoezi Flagstaff, Nageeye ameishi na kujifua Kenya, katika Bonde la Ufa. Ni kweli, na hewa nyepesi husaidia damu kubeba oksijeni. Sitabishana na vipimo. Lakini mtu anayekwenda mlimani kwa miezi kadhaa akashuka amekwenda karakana. Hakurithi karakana. Kutoka Bura hadi Iten ni safari ya basi, ndefu na ya kuchosha lakini ya basi, wakati Nageeye huvuka bara kufika hapohapo.

Wapo pia wanaonung'unika kuhusu bendera. Mwaka 2003 Stephen Cherono aliiacha Kenya akawa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na tangu hapo kila anayebadili nchi huonekana ameuza kitu. Nadhani tunachanganya mambo mawili. Kuna mwanariadha aliyeshakomaa anayenunuliwa, na kuna mtoto aliyepelekwa ugenini na vita, akafundishwa mbio na nchi iliyompokea. Huyu wa pili hakuibwa na mtu. Nageeye alifika Uholanzi akiwa na miaka sita. Uholanzi ndiyo iliyomgharamia mafunzo, na medali aliyoileta ni ya nchi hiyo kwa haki.

Wala ufundi wa marathoni haumfungi mtu ndani ya bendera. Sapporo, tarehe 8 Agosti 2021, katika marathoni ya Olimpiki, kwenye joto na unyevunyevu ambavyo viliwatoa mbioni wakimbiaji wapatao 30, Eliud Kipchoge alishinda kwa saa 2:08:38. Nyuma yake, mita chache kabla ya utepe, Nageeye alikuwa akielekea fedha, naye Lawrence Cherono wa Kenya alikuwa mbele ya Bashir Abdi. Nageeye aligeuka, akampungia Bashir mkono amfuate, akageuka tena, akampungia tena. Bashir akampita Cherono. Nageeye 2:09:58, Bashir 2:10:00, Cherono 2:10:02. Wakenya wengi waliumia siku hiyo, na sitawalaumu. Lakini mtu aliyekuwa ukingoni mwa nguvu zake asingeweza kugeuka nyuma mara mbili. Nageeye alikuwa ameipima akiba yake hadi hatua ya mwisho, akabakiwa na ya kumpa mwenzake. Bashir alipanda tena: fedha ya Paris 2024, kwa saa 2:06:47. Nageeye siku hiyo ya Paris hakumaliza. Miezi mitatu baadaye, kwenye bustani ya Central Park mjini New York, alimwacha Evans Chebet, mzaliwa wa milima ileile inayosemekana kuwa na hakimiliki ya mbio hizi, akashinda kwa sekunde sita.