Spika Sita, Njia Mbili

Kwenye vibanda vya mpira vya Busia, upande wa Kenya na wa Uganda, na vilevile Tororo, si ajabu kukuta spika tano zimetundikwa ukutani, wufa imewekwa chini ya skrini, na zote zinatoa sauti ileile. Mtangazaji yuko mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na kelele za uwanja zimemmeza. Mwenye kibanda hulaumu spika. Mimi hufuata sauti tangu kwenye dishi, kwa sababu mara nyingi spika hazina kosa lolote.

Dishi lenyewe lina mambo yake huku. DStv inarushwa kutoka setelaiti ya Eutelsat iliyo nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta. Busia iko kwenye nyuzi 34 hivi mashariki, nusu nyuzi tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo setelaiti hiyo iko karibu utosini, kama nyuzi 87 kutoka usawa wa ardhi. Anayetaka Azam, iliyo nyuzi 7 mashariki, lazima aelekeze dishi jingine magharibi, kwenye mwinuko usiofika nyuzi 60. Dishi linaloangalia juu hukusanya majani na vumbi, na mvua nzito za alasiri hudhoofisha mawimbi. Lakini mawimbi ya dijitali yakidhoofika, sauti haififii taratibu kama ya redio ya zamani, hukatika. Basi sauti ikikatikakatika, panda paani. Ikiwa safi ila imelala, bila mbele wala nyuma, shuka ukaangalie waya.

Si kila chaneli ina sauti ya mzunguko. Chaneli nyingi hurushwa kwa stereo, yaani njia mbili, kushoto na kulia. Baadhi ya chaneli za HD, hasa za michezo na filamu, huongeza Dolby Digital, mfumo ulioingia sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns. Huo una njia sita: tatu za mbele, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na moja ya mdundo mzito. Katika mpira, mtangazaji kwa kawaida hukaa zaidi kwenye spika ya kati, na mashabiki huenea pembeni. Ndiyo maana mfumo ukikaa sawa, maneno yake husikika hata uwanja ukilipuka.

Sasa waya. Ule wenye vichwa vyekundu na vyeupe hubeba njia mbili tu. Ukiutumia, amplifaya hupokea stereo, kisha hukisia kilichobaki au hurudia kilekile kila kona. Njia sita zinahitaji waya wa optiki, waya wa koaksi wa dijitali, au HDMI. Kosa la pili ni kupitisha sauti kwenye televisheni kwanza: televisheni nyingi hupokea Dolby kwa HDMI, kisha hutoa stereo kwenye tundu la optiki. Toa sauti kwenye king'amuzi moja kwa moja hadi kwenye amplifaya. Waya wa optiki una faida nyingine ambayo mafundi wetu hawaizungumzii vya kutosha: hauna shaba, kwa hiyo haupitishi ule mvumo wa umeme unaotokana na vifaa kuwa na ethi tofauti.

Baada ya waya, ingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya sauti, uchague Dolby Digital. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Televisheni isiyosoma Dolby hunyamaza, fundi hushtuka, hurudisha stereo, na mpangilio hubaki hivyo miaka. Tena, ukichagua Dolby, rimoti ya king'amuzi huacha kupandisha sauti. Kuanzia hapo amplifaya ndiyo inayopandisha. Si ubovu.

Kuna jambo linaloniuma. Seti nyingi za bei nafuu zilizoandikwa 5.1, yaani spika tano na wufa, hazina kisomaji cha Dolby ndani. Zina matundu ya analogi tu, na mnunuzi halipii zaidi ya wingi wa spika. Seti ya namna hiyo huhitaji kisanduku cha kugeuza optiki kuwa njia sita za analogi, na hufaa tu ikiwa ina matundu sita ya kupokelea.

Kupanga spika hakuna siri kubwa: ya kati chini ya skrini, mbili za mbele nyuzi 30 kila upande, za nyuma kama nyuzi 110, juu kidogo ya vichwa. Kwenye menyu ya amplifaya andika umbali halisi wa kila spika kutoka kwa msikilizaji, maana sauti huchelewa kama milisekunde 3 kwa kila mita.

Mwenye kibanda, kabla hujalipia spika nyingine, geuza amplifaya uliyonayo uangalie nyuma. Ikiwa na tundu la optiki, nunua waya huo kwanza.