Meza Inayosafiri

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, na neno hilo lina uzito zaidi pale nyumba yenyewe inapokuwa na injini. Katika yadi za wauzaji wa magari-nyumba huko Marekani, wanunuzi wengi huanza kwa kuzunguka nje. Hutazama rangi, huuliza nguvu za injini, hugonga tairi kwa ncha ya kiatu. Lakini gari-nyumba hununuliwa ili watu waishi ndani yake, na maisha ya ndani hutegemea ramani: vitanda viko wapi, choo kiko wapi, jiko limepakana na nini, na watu watakaa wapi kula. Kuichagua ramani hiyo ni ujuzi. Kuirekebisha sehemu ya kulia baada ya kununua, mpaka ifanane na walaji wake, ni ufundi. Nataka kuvisifu vyote viwili, kwa sababu naviona kuwa kazi moja.

Wamarekani huyagawa magari haya katika madaraja matatu. Daraja A ndiyo makubwa, yenye umbo la basi, yaliyojengwa juu ya chesisi ya lori au ya basi. Daraja B ni vani iliyobaki na bodi yake ya kiwandani, ikapangwa vitu ndani. Daraja C lina kabini ya kawaida ya dereva mbele na chumba kilichojengwa nyuma yake, huku kitanda kikining'inia juu ya kichwa cha dereva. Kila daraja lina akili yake kuhusu chakula. Katika vani, viti vya mbele huzungushwa vikatazama nyuma, na chumba cha kulia kikaazima nafasi ya udereva. Katika daraja C, meza mara nyingi huwa nyuma kidogo ya dereva, ubavuni, chini ya dirisha. Katika daraja A, meza huwekwa kwenye kipande cha ukuta kinachosukumwa nje kwa mota gari likisimama, ubunifu ulioenea kuanzia miaka ya 1990 na kubadili kabisa upana wa nyumba hizi.

Sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Marekani hutoka kaskazini mwa jimbo la Indiana, katika wilaya ya Elkhart na viunga vyake. Viwandani humo wamo wafanyakazi wengi wa jamii ya Amish, Wakristo wanaosafiri kwa vigari vya farasi na ambao useremala ni urithi wa vizazi kwao. Watu wasiomiliki gari ndio wanaowaundia wengine nyumba za barabarani. Naiheshimu sana kazi ya mikono yao. Hata hivyo, yule anayelikaza benchi la kulia pale Indiana hatamwona kamwe mtu atakayelikalia. Hajui kama ni mzee mwenye goti bovu au mama mwenye watoto watatu. Kiwanda hakina budi kumkisia mlaji. Kila ramani iliyochapishwa ni kisio la namna hiyo, na mnunuzi mwenye busara huisoma akijiuliza ni siku ya nani iliyochorwa pale.

Jinsi ya kuisoma? Kwa mwili. Wajuzi wa jambo hili hawatosheki na karatasi, wala hawaridhiki kusimama mlangoni na kusema panapendeza. Huingia wakaigiza siku nzima. Mmoja husimama kwenye sinki kana kwamba anaosha vyombo, mwingine hujaribu kumpita kwenda kitandani. Huvua viatu wakalala. Huingia msalani wakafunga mlango, wakainua mikono kama wanaooga. Kisha hukaa mezani, wote watakaosafiri, kwa muda wa mlo, wakingoja mwili useme pale unapobanwa. Na lile gari lenye ukuta wa kusukumwa, humwomba muuzaji aurudishe ndani, maana yadini huwa umetolewa nje na mgeni huonyeshwa ukumbi. Ukisharudi ndani, maswali hubadilika. Choo kinafikika? Mlango wa friji unafunguka? Mtu anaweza kukaa akala mkate kando ya barabara bila kuifungua nyumba nzima? Ramani inayopendeza gari likiwa limesimama tu ni nusu ya ramani.

Hakimu mkubwa kuliko wote ni siku ya mvua. Siku ya jua, gari-nyumba lolote ni kubwa, kwa kuwa uwanja wote wa nje ni sebule. Mvua ikinyesha kutwa, kila mtu hurudi ndani, na mahali pa kukaa panabaki pamoja tu, mezani. Hapo ndipo watu wanapokula, wanapocheza karata, mtoto anapofanya hesabu zake, na ramani ya safari ya kesho inapokunjuliwa. Ndiyo maana nasema ramani ya gari-nyumba huamuliwa na meza. Kitandani watu hulala tu. Mezani wanaishi.

Ni haki tuisifu kwanza meza ile ya kiwandani, ya mabenchi mawili yanayotazamana. Katika nafasi isiyozidi mita mbili imebeba kazi nne. Mchana ni chumba cha kulia. Usiku ubao wa meza hushushwa ukakaa juu ya kingo za mabenchi, mito ya mgongo ikajaza pengo, na kitanda kikapatikana. Safarini, benchi moja au yote mawili huwa viti vya abiria vyenye mikanda. Na muda wote, ndani ya masanduku ya mabenchi hayo, kuna stoo. Aliyebuni mpango huu alikuwa na akili ya hali ya juu, na anayetaka kuuondoa ajue ni kazi ngapi anaziondoa kwa mkupuo.

Kasoro yake iko katika vipimo. Meza ya kawaida ya kulia ina kimo cha sentimita 75 hivi, na kiti chake sentimita 45, ili zibaki kama 30 za mapaja kupita. Mtu mzima mmoja anahitaji upana wa sentimita 60 ili kiwiko chake kisimguse jirani. Benchi la mita moja, hata likiandikwa kuwa la watu wawili, ni la mtu mzima na mtoto. Anayekaa upande wa dirisha hatoki mpaka wa pembeni ainuke. Na ule mguu wa chuma uliochomekwa sakafuni katikati hugombana na magoti ya wote.

Tuchukue familia ya watu wa Pwani waliohamia Amerika ya Kaskazini, waliozoea kula sinia moja. Pilau la sinia linataka watu wauzunguke mlo, kila mkono ufike kwa umbali sawa. Meza nyembamba iliyobanwa ukutani inawapanga wawili huku na wawili kule, na sinia lenyewe linaning'inia ukingoni. Kwao benchi lenye umbo la U, na meza iliyokaribia mraba, lina maana kuliko kioo kipana cha mbele au televisheni ya pili. Mume na mke waliostaafu, ambao mmoja wao huandika asubuhi wakati mwenzake amelala, watataka jambo jingine kabisa: meza ndogo imara yenye taa nzuri, na kiti chenye mgongo wa kweli. Hakuna ramani moja itakayowaridhisha wote hawa, na hapo ndipo seremala anapoitwa.

Seremala mzuri wa kazi hii huanza na badiliko dogo kuliko yote linaloweza kutosha. Pengine mabenchi hayana kosa, na kinachohitajika ni kuung'oa mguu wa katikati na kuweka mkono wa chuma uliofungwa kwenye ubavu wa benchi, unaoiruhusu meza kuzunguka na kusogea. Magoti yanapata uhuru, na mtu wa dirishani anasukuma meza akapita. Pengine sponji ndiyo iliyochoka, na fundi wa makochi atamaliza shida kwa kuweka ngumu chini na laini juu. Mara nyingine benchi moja linatosha kuondolewa na pakawekwa kiti cha kuegemea. Kuondoa yote mawili na kuweka meza huru yenye viti ni hatua ya mwisho, maana viti huru lazima vifungwe kila gari linapoondoka, na pale penye ukuta wa kusukumwa lazima ipimwe nafasi itakayobaki ukirudi ndani, kiti kisije kikagongana na kabati la jiko lililo mkabala.

Kabla ya msumeno, fundi hufunua. Chini ya benchi la gari-nyumba panaweza kuwa na tangi la maji safi, pampu, hita ya maji, betri, chaja, au bomba la hewa ya moto. Anayejua kazi huinua mito, hufungua vifuniko, hufuata kila waya mpaka unapoishia, na hupiga picha kabla hajalegeza skurubu ya kwanza. Kisha hutazama mikanda. Mkanda wa abiria haufai kufungwa kwenye ubao wa benchi. Unapaswa kushikwa na fremu ya chuma iliyoungana na chesisi, na fremu hiyo haihamishwi kwa kukisia. Kama familia ina watoto, benchi lenye mikanda linabaki lilipo, na usanifu wote unapangwa kulizunguka. Uzuri wa meza haulipi uhai wa mtu.

Ukuta nao una siri yake. Katika magari mengi ya kisasa ukuta ni plaiwudi nyembamba ya milimita chache, iliyogandishwa juu ya povu gumu na fremu ya alumini. Skurubu iliyopigwa kwenye plaiwudi peke yake itashika siku ya kwanza, na safari itaing'oa. Fundi hutafuta alumini ilipo, au hueneza mzigo kwa kipande cha mbao kilichogundishwa, au huuleta uzito wote wa meza sakafuni. Hata pima maji, ambayo nyumbani ndiyo mwamuzi, hapa hubatilika. Gari lililoegeshwa huinama, na rafu iliyonyooshwa kwa pima maji katika gari lililoinama itakuwa imepinda milele. Kwa hiyo ama gari lisawazishwe kwanza kwa vizuizi na jeki, ama vipimo vyote vitokane na sakafu yenyewe.

Kisha kuna uzito, ambao ndio adabu kuu ya kazi hii. Gari-nyumba la Marekani hubandikwa kibandiko kinachosema ni uzito gani wa watu na mizigo linaweza kubeba. Ulaya, leseni ya kawaida ya gari dogo kwa muda mrefu imeishia kwenye kilo 3,500, na magari mengi ya kule hutengenezwa yakiikaribia namba hiyo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 150 likijaa, kilo 150 zimeshaliwa kabla hata sufuria haijapakiwa. Ndiyo maana fundi wa magari-nyumba huuacha mninga na mbao nyingine nzito za kifahari, akachagua plaiwudi nyepesi, akaitoboa matundu pale isipobeba kitu, na akalipeleka gari mizani kabla na baada ya kazi. Hutazama pia pande: uzito ulioondolewa kushoto usirudishwe wote kulia.

Na barabara haiachi kitu kitulie. Kiungo ambacho sebuleni kingedumu miaka, humu hulegea kwa mtikisiko. Fundi hutia gundi na skurubu pamoja, hutumia nati zenye pete ya nailoni ili zisijifungue, hutengeneza droo ambayo sharti uinyanyue kidogo ndipo ifunguke, hubandika kitambaa kizito pale ubao unapokutana na ubao ili usilie. Kona za meza huzipiga msasa mpaka zikawa duara, kwa sababu dereva akifunga breki ghafla kona hiyo itakutana na mbavu za mtu. Ukipitisha kiganja kwenye ukingo huo utajua kwamba aliyeukata alimfikiria mwingine.

Kwamba ramani njema huvumilia mabadiliko, tunaye shahidi barabarani. Kati ya 1973 na 1978 kampuni ya General Motors iliunda gari-nyumba la GMC, la urefu wa futi 23 au 26, lililovutwa na magurudumu ya mbele. Kwa kuwa hapakuwa na mhimili wa kuzunguka uliopita chini kwenda nyuma, sakafu iliwekwa chini sana na chumba kikawa wazi. Utengenezaji ulikoma, lakini wapenzi wake hawakuliacha. Mengi yamevuliwa ndani na kupangwa upya, na wenye nayo bado wanasafiri nayo. Kiwanda kiliwapa sakafu nzuri. Wao wakazipa meza zao siku zao wenyewe.

Kwa hiyo, anayetafuta gari-nyumba na aandike kwanza siku yake moja ya kawaida: huamka saa ngapi, hula na nani, mikono yake inashughulika na nini jioni. Aende yadini na karatasi hiyo pamoja na futi. Na akishamwita fundi, amwombe jambo moja la mwisho, ambalo mafundi bora hulifanya bila kuombwa: benchi lililotolewa lihifadhiwe pamoja na bolti zake, zikiwa zimeandikwa mahali zilipotoka, na matundu mapya yawe yale tu yasiyoepukika. Gari litauzwa siku moja. Atakayelinunua atakuwa na watoto ambao wa kwanza hakuwa nao, au atakuwa peke yake na vitabu vyake, na ana haki ileile ya kuipanga meza kwa kadiri ya maisha yake. Anayeitengeneza sehemu ya kulia huku akimwachia nafasi mlaji asiyemjua, huyo ameielewa kazi hii mpaka mwisho wake.