Maneno Yaeleweka, Maana Haipatikani: Maoni juu ya Mchezo wa "Darmok"

Mchezo wa televisheni uitwao "Darmok", ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1991 katika mfululizo wa Star Trek: The Next Generation, wahusu jaribio la kufanya mapatano baina ya wanadamu na Watamaria, viumbe wa sayari nyingine. Chombo cha kufasiri chatoa kila neno la Watamaria kwa usahihi, lakini maana haipatikani. Sababu ni kwamba wao husema kwa kutaja tu majina ya watu na mahali katika visa vyao vya kale. Asiyejua kisa haambulii kitu.

Sisi Waswahili tusilione jambo hili kuwa geni. Tusemapo "sizitaki mbichi hizi" hatuzungumzii matunda, bali twamkumbuka sungura aliyeruka akashindwa. Mgeni aliyehitimu sarufi yetu atafahamu maneno yote matatu, wala asijue ni nani anayesutwa. Kadhalika kanga ivaliwayo uani Temeke: maandishi yake husomwa na wote, bali ujumbe humfikia jirani mmoja.

Dathon, nahodha wa Watamaria, amchukua Nahodha Picard hadi sayari ya El-Adrel na kumpa kisu. Picard adhani anaitwa kupigana naye. Kumbe anaalikwa wamkabili pamoja mnyama mkali, kama Darmok na Jalad walivyofanya kisiwani Tanagra. Palipokosekana kisa cha pamoja, Dathon aliamua kukitengeneza, nacho kikamgharimu uhai. Tena wenzake Picard, kwa nia njema ya kumwokoa, walijaribu kumnyakua katikati ya pambano. Haraka yao ikamwacha Dathon peke yake mbele ya mnyama. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye uzito wa mchezo huu.

Kasoro haikosekani. Je, Mtamaria humfundishaje mtoto wake visa hivyo, ikiwa hana maneno ya kawaida ya kuvisimulia? Mchezo haujibu. Hata hivyo hoja yake kuu yasimama. Usiku, kando ya moto, Picard amsimulia Dathon anayekufa habari za Gilgamesh. Hajaridhika kupokea kisa cha mwenzake. Atoa na cha kwake.

Nasi tulio wahubiri tujipime. Huko Mbagala na Tandale twataja "mwana mpotevu" na "Msamaria mwema" kana kwamba kila mtu avijua visa hivyo. Jirani asiyelelewa kanisani asikia majina matupu, kama Picard alivyosikia. Basi tusimhesabu kuwa mgumu wa moyo kabla hatujaketi naye tukasimulia tangu mwanzo, na kabla hatujampa nafasi naye asimulie cha kwake.